Kaskazi Isiyo na Joto: Shajara ya Albamu Yetu

4 Oktoba

Leo tumelipa kodi ya miezi minane ya chumba cha chini ya nyumba hapa Tromsø, kaskazini mwa Norway, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Tuko wawili. Mimi napiga gitaa na besi, naimba na kutunga. Mwenzangu ni Mnorwe wa Alta, anapiga dramu, na anajua kunyamaza, sifa adimu kwa wapiga dramu. Tunataka nyimbo 9 za blaki metali, ule muziki mzito wa gitaa za kasi na sauti za kukwaruza, zote kwa Kiswahili, zote za baridi.

Mzaliwa wa Tanga na albamu ya theluji! Najua. Nyumbani wameshacheka vya kutosha. Lakini kisa tulichokichagua ni cha mtu wa pwani aliyeoa mlimani, na hicho nakijua kwa mwili wangu mwenyewe.

Snorri Sturluson wa Iceland alikiandika miaka ya 1220 hivi. Miungu wa kale wa Skandinavia walimuua jitu Tjatse. Binti yake, Skade, akavaa vazi la vita akaenda kwao kudai damu ya baba. Wakamwomba wapatane: achague mume miongoni mwao, ila kwa kutazama nyayo tu. Akaona miguu mizuri kuliko yote, akajua hii ni ya Balder, kipenzi cha wote. Kumbe ni ya Njord, mwenye bahari. (Sisi wa pwani hatushangai. Anayekanyaga maji ya chumvi kila siku atakosaje nyayo safi?) Kuna na sharti la pili, kwamba wamchekeshe, na namna Loki, mtundu wao, alivyomchekesha kwa mbuzi na kamba siwezi kuiandika hapa, shajara hii mama anasomewa.

Ndoa ikaanza. Skade anataka kukaa Trymheim, milimani kwa baba yake. Njord anataka Noatun, ufukweni. Wakagawana: siku tisa huku, siku tisa kule. Nakala za kale zinatofautiana kuhusu idadi ya siku za ufukweni, sisi tumeshika tisa kwa tisa. Njord aliporudi kutoka mlimani alisema milio ya mbwamwitu ilimchukiza masikioni. Skade alipotoka ufukweni alisema kila alfajiri shakwe walimwamsha kwa makelele. Akapanda mlimani kwake, na skii zake na upinde wake.

Hakuna aliyekosa. Hilo ndilo lililonikamata. Kila mmoja alishindwa na sauti tu.

9 Oktoba

Tumebishana kutwa: tuisimulie hadithi kama ilivyo, au tujenge nchi yetu? Mwenzangu anataka majina yote ya kale. Mimi nimemkumbusha Immortal, bendi ya blaki metali ya Bergen. Hawakumchukua Odin wala Thor; walibuni nchi yao, Blashyrkh, ufalme wa barafu na kunguru, wakaujenga albamu baada ya albamu. Wala hauna maelezo marefu. Ni mabonde, upepo, giza, na majina yasiyo katika ramani yoyote. Unaingia kwa sababu gitaa lenyewe linakuonyesha mahali ulipo.

Tumekubaliana: Skade na Njord watabaki kwa vitendo, majina yao hayatatajwa hata mara moja. Mke atakuwa Mwenye Kilele, mume atakuwa Mwenye Chelezo. Nchi ya mlimani tumeiita Sakitu. Wengi wa rika langu hawalijui neno hili, maana yake ni ule ukungu unaoganda juu ya majani usiku. Lipo kwenye kamusi, limekaa tu, linasubiri kazi.

Na kwa watakaouliza, maana wataniuliza: ndiyo, ni muziki uleule wa waliochoma makanisa. Kanisa la mbao la Fantoft, Bergen, liliteketezwa tarehe 6 Juni 1992. Limeshajengwa upya, na nimekwenda kulitazama. Wapo pia wapiga muziki huu wasiotaka kuona ngozi kama yangu karibu nao. Nawajua kwa nembo zao, sinunui kazi zao, sipandi nao jukwaani.

21 Oktoba

Aibu ya kwanza ya mradi.

Nilikuwa nimemaliza wimbo wa ufunguzi, nikauita "Kaskazi". Beti kumi na mbili za upepo wa kaskazi unaogandisha damu, unaovunja milingoti, unaozika vijiji. Blaki metali yote huimba kaskazini, si ndiyo? Nikampigia mjomba wangu, nahodha mstaafu, nimsomee.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, soma."

Nikasoma. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Mpwa wangu, kaskazi inagandisha nani? Kaskazi ni joto. Kaskazi ni embe. Ni majahazi ya Waarabu yanaingia bandarini, Desemba hadi Machi, watu wanalala nje kwa fukuto. Wewe umetoka Tanga ukiwa na miaka mingapi?"

Nilikuwa na miaka 23, sina udhuru. Nimekaa huku hadi neno la kwetu likabadilika maana kichwani bila kuniaga. Upepo wa baridi kwetu ni kusi, unaovuma toka Aprili hadi Septemba, na kilele chake ni kipupwe, Juni na Julai, wakati bahari inapochafuka na vyombo vidogo vinafungwa. Kaskazini yetu imepewa jina na upepo wa joto.

Sasa nifanyeje? Nikibadilisha niseme kusi, msikilizaji wa huku atashangaa baridi inatoka upande wa jua. Nikiacha kaskazi, wazee wa pwani watacheka kama mjomba. Nimelala nalo siku tatu. Asubuhi ya leo limejitatua: Mwenye Chelezo ni mtu wa pwani. Anaposikia upepo wa kaskazi unakuja, anafungua vifungo vya shati. Anangoja joto. Upepo unafika, na ndani yake hakuna joto. Huo ndio wimbo. Beti kumi na mbili zimekwenda na maji, zimebaki nne, na jina la albamu limepatikana.

2 Novemba

Siku ya hesabu, wasiopenda waruke.

Kiswahili kina shida moja kwenye muziki huu. Kinorwe na Kiingereza vina silabi zinazofungwa kwa konsonanti, unazitema kama kokoto. Sisi karibu kila silabi inaishia kwa irabu, mdomo wazi. Nikipiga ukelele "theluji" inamwagika kama uji. Wiki mbili nimejaribu kubana, nikasikika kama mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki.

Suluhu imetoka madrasa. Utenzi! Mizani nane kwa kila kipande, vipande vinne, vitatu vina vina sawa, cha nne kinashika bahari. Dramu zetu za kasi zinakwenda mapigo 200 kwa dakika, yaani baa moja, mapigo manne, ni sekunde 1.2. Baa mbili ni mapigo manane, sekunde 2.4. Mizani nane juu ya mapigo manane. Kila silabi inakalia pigo lake, na irabu wazi, badala ya kuwa udhaifu, inakuwa na nafasi ya kulia. Mwenzangu hajui neno la Kiswahili zaidi ya "asante", lakini nilipomghania utenzi wa zamani huku napiga meza, alichukua fimbo zake akaingia bila kuulizwa.

Ubeti wa kwanza uliokubali:

Alichagua kwa nyayo
Si kwa sura wala moyo
Akakosa atakayo
Kapata wa baharini

Nimeamua pia kuacha maneno ya Kimtang'ata, lahaja ya kwetu Tanga, yabaki yanapokuja yenyewe. Windir, bendi ya Norway, waliimba kwa lahaja ya kwao Sogn, na hakuna aliyewaambia wasanifishe.

Nyimbo za ufukweni hazitakuwa za kasi hii. Tumezipa mwendo wa sita kwa nane, ambao blaki metali inaupenda sana. Mwenzangu alipouanza taratibu kwenye tomu, zile dramu zake nene, nilicheka peke yangu. Kwake ni mawimbi. Mimi nilisikia chapuo, nikaona kina mama wamefunga leso viunoni. Chakacha ndani ya Tromsø! Sikumwambia kitu, asije akaharibu.

27 Novemba

Jua limekwisha. Kuanzia leo hadi katikati ya Januari halichomozi. Saa sita mchana kuna mwanga wa buluu kwa muda wa saa mbili tatu, kisha basi. Nyumbani wanadhani tunaishi ndani ya friza. Kusema kweli mkondo wa bahari ya joto unapita karibu, na wastani wa Januari mjini hapa ni nyuzi tatu nne tu chini ya sifuri. Baridi ya kutisha iko bara, Karasjok, ambako mwaka 1886 walipima nyuzi 51.4 chini ya sifuri. Sisi tuna theluji. Aprili 1997 ilifika sentimita 240 ardhini. Ukiwa na urefu wangu, hiyo ni theluji hadi juu ya kichwa na mkono ulioinuliwa.

Tulitoka kurekodi nyayo. Mambo tuliyojifunza:

Theluji mpya inameza sauti. Ilipoanguka usiku, asubuhi kinasa sauti kilikuwa kama kimewekwa ndani ya godoro. Nilitaka mwangwi wa mlima, nikapata pumzi zangu. Kukiwa na baridi ya kumi chini ya sifuri na zaidi, theluji inalia chini ya kiatu, kwii, kwii, kama mlango wa zamani. Ikiwa karibu na sifuri hailii, inafanya "fu". Tulihitaji kulia, kwa hiyo tumepanda gari hadi bondeni kulikopoa zaidi.

Betri mbili zilikufa ndani ya dakika 20. Sasa zinakaa kwapani hadi zinapohitajika. Na maikrofoni ikitoka nje isiingizwe ndani ya nyumba hivihivi, itatoa jasho na unyevu uingie ndani yake. Inafungwa kwenye mfuko wa plastiki hukohuko nje, mdomo umekazwa, inaachwa ipate joto polepole kabla ya kufunguliwa. Hili tulilijua baada ya maikrofoni moja kuanza kukaanga samaki.

Hatutoki mtu mmoja mmoja. Valfar, aliyeanzisha Windir, alitoka kwa miguu Januari 2004 kwenda kwenye kibanda cha familia yake, dhoruba ikamkuta njiani, akafa kwa baridi. Alikuwa kijana wa huko huko, anayeijua njia. Mimi wa Chumbageni nitajifanya nani?

13 Desemba

Gitaa. Nyumba zinapashwa joto mchana na usiku, hewa inakauka hadi mbao zinajikunja. Shingo ya gitaa imesinyaa, ncha za freti, vile vyuma vya shingoni, zimechomoza pembeni na kunichana kidole. Nimeweka bakuli la maji karibu na kipasha joto kama mganga.

Sauti: nimepunguza besi ya amplifaya karibu yote, nikapandisha zile za kati na za juu, mkono wa kulia unatetemesha waya moja bila kupumzika. Ikichezwa peke yake ni nyuki ndani ya debe. Ikirekodiwa mara mbili, moja kushoto na moja kulia, nyuki wanapotea na kinabaki kitu kama upepo kwenye ufa wa dirisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini muziki huu na theluji havitengani. Mkono unakwenda mbio, lakini kinachosikika kimesimama. Ndivyo inavyoonekana theluji inayoanguka ukiitazama muda mrefu: kila chembe ina haraka, na mandhari yote imetulia.

Nyimbo 1 hadi 4, gitaa tayari. Kifundo cha mkono kinauma kidogo.

8 Januari

Hakiumi kidogo. Daktari amesema mshipa umevimba, wiki tatu bila gitaa. Kwenye karatasi ameandika "skade". Kwa Kinorwe skade ni jeraha, ni hasara, na ni jina la mke wa Njord. Nimemwonyesha mwenzangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue amecheka hadi akakaa chini.

Nimejifariji na Demonaz, mpiga gitaa wa Immortal. Mwaka 1997 mkono wake ulizidiwa na ugonjwa wa aina hii, kwa ajili ya kupiga kwa kasi ile, akashindwa kuendelea na gitaa. Hakuondoka. Alibaki kuandika maneno yote ya Blashyrkh, mwimbaji wao Abbath akachukua gitaa, wakaenda Sweden kurekodi kwa Peter Tägtgren, na 1999 ikatoka At the Heart of Winter, ambayo kwangu ndiyo kilele chao. Kasi imepungua ndani yake, nyimbo zimekuwa ndefu, na baridi imeongezeka. Nimeisikiliza wiki nzima nikiwa na bandeji. Matokeo yake nimezipunguzia kasi nyimbo mbili za mlimani. Sitadai ni ushauri wa sanaa, mkono ndio ulioamua.

21 Januari

Siku ya jua. Limeonekana dakika chache juu ya milima, mji mzima unakula maandazi ya jamu wanayoyaita solboller. Nimekula matano. Hakuna kazi iliyofanyika.

11 Februari

Sauti. Siku nne za kupiga kelele, maji ya uvuguvugu, asali, na tangawizi ambayo mwenzangu anaiona dawa ya kiajabu. Saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa yangu nzuri, koo bado halijaamka vizuri na linakwaruza lenyewe.

Tumepiga pia picha za jalada. Wenzetu hujipaka nyeupe na nyeusi, nyuso za maiti. Usoni kwangu nyeupe ile ilifanya kichekesho. Nikakumbuka kipande cha mti wa liwa ambacho mama alinifungia kwenye begi mwaka juzi. Nimesaga kwenye jiwe kwa matone ya maji, nimejipaka uso mzima, nikaacha ikauke hadi ikapasuka kama udongo wa kiangazi, halafu nikatoka nje kwenye theluji. Ile manjano iliyopauka, na nyufa zake, ni nzuri kuliko rangi yoyote ya dukani.

Nikamtumia mama picha. Akapiga simu hapohapo.

"Umekuwa mwari?"

"Ni ya kazi, mama."

"Kazi gani ya kupaka liwa na kununa? Mwari hununa kidogo, lakini huyu amefiwa."

Picha tuliyoichagua ni hiyo.

6 Machi

Wimbo wa sita umenitesa tangu Novemba. Ni pale Mwenye Chelezo anapoamka siku ya kwanza mlimani na kuona weupe. Lugha yake haina neno. Theluji tumeipata kwa Waarabu, barafu kwa Waajemi, na yeye kwenye hadithi yangu hajawahi kukutana na nani wala nani. Aiiteje?

Jibu lilikuwa Kilimanjaro. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima na kitu cheupe juu yake. Akamuuliza kiongozi wa msafara wake ni nini. Yule bwana hakuwa na jina lake, akasema tu ni baridi. Rebmann akaliandika hivyo kwenye shajara yake, "beredi", akaongeza kwamba kwake yeye hii ni theluji bila shaka. Ulaya wataalamu wakambishia miaka mingi: theluji karibu na ikweta? Wale waliokuwa na neno walikataa kitu. Yule asiyekuwa na neno alikwishakijua kwa ngozi.

Nimeandika wimbo wote usiku mmoja.

Kileleni ni kweupe
Jina lake hebu nipe
Neno hana anilipe
Akasema ni baridi

Neno "theluji" nimelifuta katika albamu nzima. Nilihesabu, lilikuwa mara 31. Kila mahali limeingia "baridi", au halijaingia kitu.

Mbwamwitu tumeshindwa kuwapata. Norway wamebaki wachache, nao wako kusini mashariki karibu na mpaka wa Sweden. Tumekwenda kwa mfugaji wa mbwa wa kukokota sleji. Anapowaletea chakula wanapiga kelele za furaha tu. Anapoondoka mmoja anainua shingo, kisha wote arobaini. Wanaacha ghafla, pamoja, kama wamekatwa kwa kisu. Nimerekodi mara tatu. Hata mimi nisingelala siku tisa.

17 Aprili

Shakwe. Huku wapo wadogo wanaoitwa krykkje, wanalia jina lao wenyewe. Wameacha majabali yao wakahamia kwenye kingo za madirisha ya mjini, hadi manispaa ikawajengea vibanda vyao maalumu, hoteli za ndege. Tumeweka maikrofoni chini ya mojawapo saa kumi alfajiri. Dakika 15 zilitosha, nilimwelewa Skade.

Bahari lakini nilitaka ya kwetu. Mpwa wangu alikwenda Raskazone na simu, akanirekodia mawimbi, akanitumia kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti. Ikafika imebanwa, bahari inasikika kama mtu anapiga mswaki. Nikamwelekeza atume kama faili. Safari ya pili upepo ulipiga moja kwa moja kwenye simu. Safari ya tatu ameifunga simu kwa soksi, amekaa nyuma ya ngalawa iliyopinduliwa, na imetoka safi kabisa, hata muadhini anasikika kwa mbali dakika ya nne. Muadhini nimemkata. Hapa si mahali pake, na mama asingenisamehe.

9 Mei

Miksi ya saba. Dakika 47 na sekunde chache. Jana nilimtumia mjomba nyimbo zote, nikijua hatafika mwisho. Leo amepiga yeye.

"Nimesikiliza. Maneno siyasikii, unakoroma tu. Lakini ule wa tano, mwishoni, pale ngoma zinaponyamaza, upepo unageuka."

"Ndiyo, mjomba."

"Umeugeuza haraka. Upepo haugeuki hivyo. Kuna tangambili kwanza. Siku hizi mara huku mara huku, tanga halijui lishike upande gani, wala wewe. Hapo umeruka."

Nimerudi chumbani, nimefungua wimbo wa tano. Kati ya dramu ya mwisho na gitaa la kwanza la mlimani kulikuwa na sekunde mbili. Nimeweka dakika moja na nusu: gitaa la kushoto linapanda na kushuka, la kulia linajibu nje ya wakati, bahari ya Raskazone chini yake, na nyayo za theluji zinazoanza kisha zinaacha. Mwenzangu ameuliza zile fimbo azifanyie nini hapo katikati. Nimemwambia azishike tu.